Benchi la Nje ya Chumba cha Kamati

Ndugu wafiwa, majirani, waheshimiwa wabunge wa sasa na wa zamani mliofika, watumishi wenzake wa Ofisi ya Bunge, madaktari na wauguzi wetu, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mjane, fundi wa magari kwa kazi, na familia imenikabidhi karatasi hizi kwa sababu mbili, kwanza sauti yangu inafika mbali, pili wengine walijaribu kuzisoma jana sebuleni wakashindwa kuvuka ukurasa wa kwanza.

Naomba niseme jambo moja kabla ya kuanza. Baba yake marehemu alipofariki mwaka 1998, tuliandika historia ya mzee tukampelekea marehemu aipitie, na pale tulipoandika kwamba mzee alipendwa na watu wote, alikata kwa penseli akaandika pembeni, "Wote ni akina nani, na waliulizwa lini?" Kwa hiyo mkisikia leo kwamba marehemu alipendwa na baadhi ya watu, msidhani tumemvunjia heshima, tumefuata utaratibu wake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1950, mtoto wa nne kati ya watoto saba, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya posta, ambako baba yake alikuwa mpanga barua na mama yake mshonaji wa sare za shule. Familia sita zilichota maji kwenye bomba moja, na inasemekana kwamba ugomvi wa kwanza aliouamua maishani mwake, akiwa na umri wa miaka minane, ulikuwa wa foleni ya ndoo, ambapo aliamua kwamba ndoo ya mama yake mwenyewe irudi nyuma. Chanzo cha habari hii ni dada yake mkubwa, ameketi mstari wa pili, anayetilia shaka amwulize baada ya mazishi, na amwulize pia mama yao alisema nini siku hiyo.

Alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1957 akamaliza mwaka 1964, akajiunga na shule ya sekondari ya bweni kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, ambako alichaguliwa kuwa kiranja wa jikoni, na akiwa kiranja alisimama mbele ya shule nzima kumwuliza mkuu wa shule kwa nini sukari ya mwezi mzima inakwisha katikati ya mwezi wakati wanafunzi wanakunywa uji usio na sukari tangu mwanzo wa mwezi. Aliadhibiwa kufyeka nyasi za uwanja wa mpira kwa utovu wa adabu, akafyeka zote, na uji ukaanza kuwa na sukari. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1973 alisoma stashahada ya utawala katika chuo cha serikali, akafaulu vizuri, ingawa si wa kwanza, aliomba tusiseme wa kwanza.

Tarehe 3 Septemba 1973 aliajiriwa na Ofisi ya Bunge kama karani wa kumbukumbu, katika chumba cha chini kisichokuwa na dirisha, akakaa humo miaka sita akipanga majalada, na mwaka 1979 akapandishwa ghorofani kuhudumia kamati, na tarehe 1 Julai 1986 akateuliwa kuwa katibu wa Kamati ya Hesabu za Serikali, kazi aliyoifanya hadi siku ya kustaafu. Kwa wale ambao siasa wanazisikia redioni tu, kama mimi, hii ni kamati ya wabunge inayopokea ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuwaita wakubwa wa wizara, mmoja baada ya mwingine, waeleze fedha ambazo Bunge liliwapa zimefanya nini. Wabunge huja na kuondoka kwa kura, waziri naye huja na kuondoka, lakini katibu hubaki, naye ndiye anayesoma ripoti kwanza, anayewaandalia wajumbe maswali, na anayeandika mapendekezo yatakayosomwa Bungeni.

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofa ya pili, kina meza ndefu ya mbao iliyounguzwa na sigara za wajumbe wa zamani, feni inayozunguka bila kupeleka hewa popote, na kiti cha anayehojiwa chenye mguu mmoja mfupi, kiasi kwamba kila mkubwa aliyekikalia alikuwa akiyumba kidogo kila anapojibu. Wengi waliamini kwamba mguu ule ulikatwa makusudi ili kuwatia watu hofu. Marehemu alinieleza kwamba ombi la kukitengeneza lilipelekwa mwaka 1987, likaidhinishwa, likatengewa fedha, na fedha hazijatoka mpaka leo.

Wabunge walimwita Kifungu, kwa sababu hukuweza kuzungumza naye habari ya barabara wala ya dawa bila yeye kuuliza iko kifungu gani cha bajeti, na jina hilo likamfuata hadi nyumbani, wajukuu wakamwita Babu Kifungu bila kujua linatoka wapi. Alikuwa na kanuni kwamba pendekezo la kamati lazima liseme nani atafanya, atafanya nini, na mwisho lini, na kwamba wizara nzima si nani. Maneno kama "iangalie", "ijitahidi" na "ifikirie" aliyaondoa kwenye rasimu kama mtu anavyochagua mawe kwenye mchele. Pendekezo lisipotekelezwa, mwaka unaofuata liliandikwa tena kwenye ukurasa wa mbele kabisa, kabla ya mambo mapya, likianza na maneno "Kamati inarudia", na alikuwa akisema kwamba serikali haiogopi kukemewa, inaogopa kukumbushwa. Alisema pia, na hapa wenzake wa ofisi mtanisaidia, kwamba kutengewa si kupewa, kupewa si kununua, kununua si kufunga, na kufunga si kufanya kazi.

Utaratibu huo aliuleta nyumbani. Kila tarehe 31 Desemba, baada ya chakula cha mchana, aliwakalisha mke na watoto, na mimi shemeji nikiwa nimekuja kula nilikalishwa pia, na kikao kilianza na yaliyobaki ya mwaka uliopita kabla ya jipya lolote. Mlango wa jikoni uliokuwa ukigoma kufunga ulirudiwa miaka minne, na alipoulizwa na dada yangu nani anachelewesha, alijibu kwa unyenyekevu kwamba ni yeye mwenyewe, na kwamba anastahili kuhojiwa. Mwisho wa kikao alimgeukia mke wake na kuuliza, "Kuna jambo lililobaki?" naye akijibu "Halipo", tulikuwa tunaruhusiwa kuinuka.

Marehemu alifunga ndoa na dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, tarehe 14 Desemba 1977. Walifahamiana siku dada yangu alipowapeleka wanafunzi wake kulitazama Bunge kutoka viti vya wageni, mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wale wanaosinzia wanalipwa sawa na wanaozungumza, walimu wakataka kumnyamazisha, na kijana mmoja mwembamba mwenye majalada kwapani akainama akamjibu mtoto, "Wanalipwa sawa, swali lako ni zuri." Dada yangu alirudi nyumbani akatuambia amemwona mwanamume anayejibu anachoulizwa, na sisi tuliomjua dada yetu tukajua ameshaondoka.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza, binti, alizaliwa mwaka 1979, ni mkunga, yupo hapa na mume wake, wa pili, kijana, alizaliwa mwaka 1982, ni dereva wa malori ya masafa marefu, amefika leo alfajiri. Wa tatu, binti, alizaliwa tarehe 2 Mei 1988, alikuwa na mashavu makubwa na tabia ya kuwaamuru wakubwa wakae chini, mimi mwenyewe alinikalisha mara nyingi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na alifariki tarehe 9 Juni 1991 katika hospitali yetu ya wilaya kwa homa ya mapafu. Daktari wa zamu alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Mtungi wa oksijeni uliokuwepo wodini ulikuwa mtupu, wa pili ulikuwa mtupu, na gari lililotumwa kutafuta wa tatu lilirudi wakati hauhitajiki tena. Nasoma kama ilivyoandikwa.

Mwezi Oktoba 1993 ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilifika mezani kwa marehemu kama kila mwaka, na katika hoja za Wizara ya Afya alikuta kwamba fedha za oksijeni za hospitali za wilaya, kwa miaka miwili mfululizo, zilikuwa zimehamishiwa kwenye kifungu cha safari na posho za wakubwa, na hospitali ya kwanza kutajwa ilikuwa ile. Mtu mwingine angefunga mlango akaanza kunoa kisu. Marehemu alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati kutangaza maslahi, akaeleza kwamba mtoto wake alifia katika hospitali hiyo, akaomba hoja hiyo ishughulikiwe na msaidizi wake tangu maswali hadi pendekezo, na tarehe 16 Novemba 1993, hoja ilipofikiwa, alisimama, akakusanya kalamu zake, akatoka nje, akaketi kwenye benchi la ubao lililokuwa ukutani karibu na meza ya chai. Mama wa chai wa Bunge, ambaye tunamshukuru kwa kufika licha ya magoti yake, anasema alimmiminia kikombe kimoja, baadaye akakimwaga kikiwa kimepoa, akammiminia cha pili, nacho akakimwaga.

Ndani ya chumba, katibu mkuu wa wizara, mtu mwenye maneno laini, alieleza changamoto kwa kirefu, msaidizi alikuwa mgeni katika kazi, wajumbe walikuwa wamekaribia saa ya kula, na pendekezo lililotoka lilisema kwamba wizara iangalie uwezekano wa kuboresha upatikanaji wa hewa ya tiba. Halikuwa na nani, halikuwa na lini. Marehemu aliletewa rasimu nzima ya ripoti aipitishe kabla ya kuchapwa, akafika kwenye ukurasa huo, akausoma, akaufunua bila kugusa neno, kwa kuwa alikuwa ameshatangaza kwamba si wake kuugusa. Katika miaka yote ya utumishi wake ndilo pendekezo pekee lenye neno "iangalie".

Dada yangu alisikia habari hiyo redioni jioni ya siku ripoti iliposomwa Bungeni, akamsubiri afike, akamwuliza, "Kwenye oksijeni ulisemaje?" naye akajibu kama alivyozoea kujibu anachoulizwa, "Nilitoka nje." Dada yangu akamwambia maneno ambayo amenipa ruhusa kuyasoma, alimwambia, "Mtoto wetu alikosa hewa, na wewe ukatoka nje kuvuta hewa." Kisha akachukua mto wake akahamia chumba cha watoto.

Wazee wa pande zote mbili waliitwa, nami nikiwemo, na marehemu alijieleza kwa utulivu kwamba kamati ina nguvu kwa sababu hakuna anayeingia mle na lake mfukoni, na akasema, "Nikikaa mimi leo kwa ajili ya mtoto wangu, kesho mwenye duka la saruji atakaa kwa ajili ya duka lake, nitamtoa kwa kinywa gani?" Dada yangu alijibu, "Mtoto si saruji." Wazee wakatazamana, wakasema hili ni zito, wakaomba chai. Mimi nilikuwa upande wa dada yangu, damu ni nzito kuliko maji, nikamwambia shemeji yangu bila kupepesa macho kwamba haki isiyojua uchungu ni kama gari lisilo na usukani, na baadaye nikiwa gerejini chini ya lori la watu nilijikuta nikitafuta jibu la swali lake la saruji, sikulipata, na hata leo sijalipata, kwa hiyo historia hii haitasema nani alikuwa sahihi.

Hawakuachana. Dada yangu alirudi chumbani kwake baada ya muda, alipika, alifundisha, alimwuguza mama mkwe wake hadi mwisho, lakini hakupiga pasi shati la marehemu tena, na marehemu akajipigia mwenyewe kwa kipaji kidogo alichokuwa nacho, hata wabunge wakawa wanasema ukitaka kujua Kifungu ana wageni wa wizara gani leo, tazama kola imeungua upande gani. Kila mwaka pendekezo la oksijeni lilirudi kwenye ukurasa wa mbele, Kamati inarudia, kwa maneno yaleyale yaliyolegea, na kila mwaka lilipofikiwa marehemu alikusanya kalamu zake akaenda kwenye benchi. Na kila tarehe 31 Desemba alipomaliza kikao cha nyumbani na kumgeukia mke wake, "Kuna jambo lililobaki?" dada yangu alijibu neno moja, "Lipo." Marehemu alitikisa kichwa kukubali, sisi tukainuka, hakuna aliyeuliza ni lipi.

Alistaafu tarehe 10 Agosti 2010. Wenzake walimpa saa ya ukutani, akawashukuru, akaomba kuona risiti yake, wakacheka wakidhani ni utani, wakaileta waliposhindwa na macho yake.

Mwezi Aprili uliofuata, Kamati ya Bajeti ilifika katika ukumbi wa halmashauri ya mji wetu kusikiliza maoni ya wananchi kabla bajeti haijasomwa, jambo ambalo hufanyika kila mwaka na ambalo wananchi wachache hulijali, wengi wakiamini maji yakishamwagika hayazoleki. Siku mbili kabla, marehemu alitangaza mezani kwamba atakwenda kuzungumza. Dada yangu akaendelea kukusanya vyombo. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2011 marehemu aliamka akachukua pasi kabatini, akaikuta bado ina moto, na shati lake jeupe likiwa limetundikwa mlangoni, limenyooka kila mahali, kola pande zote mbili.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, mama aliyewahi kuwa mjumbe chini ya ukatibu wake, alimwona kwenye foleni akaagiza aletewe kiti mbele, marehemu akasema foleni ni foleni, akasubiri nyuma ya mfugaji wa kuku aliyelalamikia kodi na kijana aliyetaka uwanja. Dada yangu na mimi tulikuwa tumekaa katikati ya ukumbi. Zamu yake ilipofika alishika kipaza sauti, akasema, "Mimi ni mkazi wa wilaya hii, baba wa watoto watatu, wawili wapo hai, wa tatu alifia hospitali ya hapa kwa kukosa oksijeni. Natangaza kwamba nina maslahi katika jambo hili, na safari hii sitoki nje." Yule kijana wa uwanja alivua kofia. Ndipo akatoa pendekezo lake, mkurugenzi wa huduma za hospitali katika wizara, kwa cheo chake, afunge mtambo wa kuzalisha oksijeni katika hospitali ya wilaya, kabla ya mwisho wa mwezi Mei mwaka unaofuata, na kamati isipitishe kifungu cha safari za nje za wizara hiyo mpaka ipokee uthibitisho kwamba mtambo unafanya kazi. Alimaliza kabla ya muda aliopewa, akarudisha kipaza sauti, akaja kukaa. Dada yangu alimsogezea mkoba ili apate nafasi.

Kamati ilikubali, na kifungu cha safari kikazuiwa, na hapo tukajifunza kwamba hewa ambayo haikupatikana kwa miaka ishirini inaweza kupatikana haraka wakubwa wakikosa ndege. Mtambo uliwashwa tarehe 22 Mei 2012. Marehemu hakwenda kwenye sherehe ya kukata utepe, alikwenda wiki iliyofuata, siku ya kawaida, akaomba kuona kama kweli unafanya kazi, na akaendelea kwenda kila mwezi, hata fundi wa mitambo ya hospitali, yule pale mwenye shati la bluu, akamzoea akamwita mkwe, kwa maelezo kwamba anakuja kama mtu aliyemwoza binti yake na hana uhakika kama anatunzwa.

Tarehe 31 Desemba ya mwaka huo sote tulikuwepo, hata wajukuu walikaa, na marehemu alipomgeukia mke wake na kuuliza, nilimwona ameshika ukingo wa meza. Dada yangu alisema, "Lipo. Mtambo ni wa wilaya. Letu bado." Marehemu alisema, "Kamati inarudia," dada yangu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, lakini jibu hakulibadilisha, na mimi ninayemjua tangu tumboni nasema hakuwa na kinyongo, alikuwa anasubiri kitu ambacho mwenyewe alikuwa hajui ni nini.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2019, ambapo alibainika kuwa na ugonjwa wa mapafu, yeye ambaye hakuvuta sigara maishani, ila alikaa miaka mingi na waliokuwa wakivuta. Alitibiwa akienda na kurudi, na tarehe 28 Januari 2024 hali ikabadilika. Mwanawe wa kiume alitaka kumpeleka mji mkuu kwenye hospitali ya kulipia, akakataa, akasema kwa pumzi fupi, "Nimeipigania hii, nikaugulie ya jirani?" Alilazwa hospitali ya wilaya, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, akafungwa oksijeni, na kitu cha kwanza alichofanya alipopata nafuu kidogo kilikuwa kumwuliza muuguzi mtambo ulifanyiwa matengenezo lini. Muuguzi akamwambia, akatikisa kichwa, akalala.

Dada yangu alikaa naye siku zote hizo. Alasiri ya tarehe 5 Februari, mimi nikiwa nimeleta supu, marehemu alifungua macho, akasogeza ile barakoa ya mpira kidogo, akamwuliza mke wake swali lake, na haikuwa Desemba, "Kuna jambo lililobaki?" Dada yangu alimrudishia barakoa usoni, akasema, "Acha kuongea, utachoka. Nitakujibu kesho." Marehemu Kifungu alifariki dunia kesho yake, Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, kabla dada yangu hajarudi kutoka nyumbani alikokwenda kubadilisha nguo. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, ndugu wanne, na shemeji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomhudumia bila kujua alikuwa nani, na walipojua hawakubadilisha chochote, hilo lilimfurahisha. Tunamshukuru fundi wa mitambo, aliyekaa karibu na mtambo siku zile tisa ingawa hakupangiwa zamu. Tunawashukuru waheshimiwa wabunge na Ofisi ya Bunge kwa gari na kwa jeneza, ambavyo tumeambiwa vilitoka kwenye kifungu sahihi. Tunamshukuru mama wa chai. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kukesha, na wale tuliosahau kuwataja mtusamehe, mtaandikwa mwakani ukurasa wa mbele.

Limebaki moja ambalo halikuwa kwenye karatasi hizi, dada yangu ameliandika kando akaniagiza nilisome mwishoni kwa sababu yeye sauti yake haitatoka. Anasema siku ile aliporudi wodini alimkuta mume wake ameshafunikwa, akaenda kusimama kwenye mtambo, ulikuwa bado unanguruma, mshale ukiwa pale unapotakiwa kuwa, akamwuliza fundi kama hewa ilikatika hata kidogo asubuhi ile, fundi akamwambia, "Haikukatika, mama, ilikuwepo mpaka mwisho." Anasema akatoka, akaketi kwenye benchi la nje ya wodi, peke yake, kwa muda mrefu, na ndipo akajua mtu anayeketi kwenye benchi hakuondoka, yupo palepale, ni mlango tu umefungwa katikati. Anasema alimwahidi marehemu jibu kesho yake, akachelewa, na anastahili kuhojiwa.

Shemeji, jibu la mke wako ni hili, nalisoma kama lilivyotolewa: halipo. Pumzika kwa amani.